Nguo za hospitali "zenye dawa ya bakteria": maswali mnaniulizanga kila siku

Mimi ni fundi, nashona skrabu (zile sare za kazi za wodini), shuka za wodi, gauni za wagonjwa na makoti meupe hapa Nairobi upande wa Jogoo Road. Tangu ile miaka ya korona hakuna wiki inaisha bila sista ama dokta kuniuliza kuhusu hii pamba inauzwa eti inaua bakteria. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa simu saa nne usiku, basi nimeyaweka yote hapa. Sikusomea kemia, lakini hii biashara ilishaniunguza mara moja (ntawaambia hapo chini) na baada ya hapo nikakaa nikasoma, nikasumbua watu wa chuo mpaka nikaelewa.

Fundi, kwani hiyo nguo imewekwa nini?

Ni pamba ya kawaida tu, alafu nyuzi zake zikapakwa dawa ya kuua bakteria ama kuwazuia wasizaane. Mara nyingi huwezi kuiona wala kuinusa. Na sio mambo mapya, daktari Joseph Lister kule Glasgow mwaka 1867 alikuwa ashaandika venye anafunika vidonda na kitambaa kilicholowa asidi ya kaboliki, na watu wakawa wanapona mahali zamani walikuwa wanaoza. Ya Lister ilikuwa inalowekwa, inafungwa, inatupwa. Ya siku hizi inatakiwa ishikane na uzi, ifuliwe, ianikwe, ivaliwe tena kesho, na shida zote huanzia hapo.

Mbona pamba? Si afadhali polista, haishiki uchafu sana

Pamba hupenda maji. Hata ukiishika ukaona imekauka kabisa bado ina maji kama asilimia 8 ya uzito wake, polista haifikishi hata 1. Ongeza jasho, ngozi inayopukutika, matone ya damu na joto la mwili, hapo bakteria amepata chumba na chakula. Lakini usikimbilie polista ukidhani umetoroka. Kuna utafiti ulichapishwa mwaka 2000 Marekani, walichukua nguo za pamba, taulo, skrabu za mchanganyiko, pazia za polista na aproni za plastiki wakaziweka bakteria za aina ya stafilokokasi na enterokokasi, zote zilikaa hai angalau siku moja na zingine zilipita siku 90, na zile sugu zaidi zilikuwa kwa polista na plastiki, sio kwa pamba.

Alafu pamba ina faida moja mafundi tunaipenda: unaichemsha, unaipiga pasi ya moto, na bado inarudi kazini. Na kwa watu wa kemia, uzi wake umejaa vishikizo vidogo vidogo ambavyo dawa inaweza kujifunga nayo. Polista ni laini kama kioo, dawa inateleza.

Hizo dawa ni gani hasa?

Hapa ndo watu hudanganywa, ju lebo inasema "ina dawa" na haisemi gani. Ziko nyingi na kila moja ina tabia yake.

Fedha, ile madini ya pete, ndo maarufu zaidi. Inasagwa chembe ndogo ajabu, ukigawa mita mara bilioni chembe haifiki vipande 100, na chembe hizo zikipata unyevu zinaachilia ayoni (vipande vyenye chaji) zinazoingia kwa bakteria na kushika protini zake mpaka zikwame. Inafanya kazi vizuri kabisa. Shida ni mbili: kitambaa cheupe huweza kugeuka manjano ama kahawia, na chembe zikiwekwa ovyo zinaondoka na maji ya kufua. Mwaka 2008 watafiti wa Arizona State University walinunua soksi za dukani zenye fedha, wakazisukasuka kwa maji matupu bila hata sabuni, na kuna zingine fedha yake karibu yote ilibaki kwa beseni.

Shaba na zinki oksaidi ni ndugu zake. Shaba inaleta rangi, zinki ni nyeupe kwa hivo inafaa shuka. Kule Israel, chuo cha Bar-Ilan, walipata njia ya kupigilia chembe za zinki kwa uzi kwa kutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Mimi hiyo nliipenda sana, ati sauti inapiga misumari.

Kuna hii inaitwa kwati, ni familia moja na dawa za kupangusa sakafu za wodi. Ile ya nguo imefungwa na silikoni upande mmoja ndo ishike uzi, upande mwingine ina mkia mrefu na chaji chanya. Bakteria ngozi yake ina chaji hasi, inavutwa, mkia unatoboa, kwisha. Uzuri wake haimwagiki kwa mwili wa mgonjwa, inaulia papo hapo kwa uzi. Ubaya wake ni huohuo: bakteria asipogusa uzi hafi, na damu ikiganda juu ya kitambaa inakuwa kama blanketi, wale wako juu ya hiyo damu wanaendelea na maisha yao.

PHMB, dawa nyingine ya kuua bakteria, utaikuta kwa gozi za vidonda. Kaitosani inatengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa, wengi wanaisifu ni ya asili, mimi naona ni ya wastani, peke yake ina shida kudumu.

Yenye inanifurahisha zaidi ni enihalamini. Hiyo inabeba klorini kwenye uzi, inaua, inaisha nguvu, alafu ukiifua na bleach kama Jik inachajiwa upya, kama simu! Profesa Gang Sun wa University of California, Davis, ameifanyia kazi miaka mingi. Kwa hospitali zetu ambazo Jik iko kila kona ingekuwa na maana kweli, lakini mimi binafsi sijawahi kuletewa hata roli moja.

Si unipulizie tu skrabu zangu za zamani?

Hapana sista. Kiwandani kitambaa kinapitishwa kwa dawa, kinakamuliwa katikati ya roli mbili ili dawa iingie sawasawa, kinakaushwa, alafu kinaokwa. Kwa dawa nyingi zinazojifunga na pamba hiyo kuoka ni nyuzi joto 150 hadi 160 kwa dakika chache, na bila huo moto dawa imekaa tu juu kama vumbi. Wale wa kupuliza na chupa hapo nje wanakuuzia harufu. Itafanya kazi leo, pengine na kesho, ukifua imeenda.

Ikifuliwa mara ngapi ndo inaisha?

Swali la maana kuliko yote na hakuna mtu huuliza kabla ya kulipa. Acha niwape yangu.

Kuna mwaka nlipata oda ya skrabu za kliniki moja, wakasema wanataka zenye dawa. Nikatafuta msambazaji, jina naliacha, akanionyesha kitambaa kizuri cha kijani na karatasi ina mhuri, "inadumu mafuo 50". Nikalipa zaidi ya pamba ya kawaida na nikashona yote. Baada ya miezi kama miwili hivi sista mkuu wa kliniki akanipigia: "Fundi, hizi nguo zako zinanuka jasho kama zile za kwanza." Nikaona haya hadi nikakosa la kusema.

Nikabeba vipande viwili kwa kijana mmoja wa maabara ya chuo, kimoja cha roli kipya, kingine nimekifua mara 20 na Omo kwa beseni. Akatoa chupa ya dawa ya buluu, bromofenoli buluu, hiyo rangi hushikana na kwati. Akatumbukiza vyote, akangoja, akasuuza na maji ya mfereji. Kile kipya kilitoka buluu kama sare ya shule. Kile cha kufuliwa kilitoka na kijani yake ileile, bila hata doa la buluu. Tukaangaliana. Ile kwati ilikuwa imekaa juu tu, haijaokwa vizuri ama haijaokwa kabisa, na Omo ikaipeleka yote kwa mtaro.

Nlirudishia kliniki pesa ya tofauti, kidogo kidogo, mpaka ikaisha. Ile karatasi ya mhuri nilipoisoma tena vizuri nikaona ilipima kitambaa kipya pekee. Mafuo 50 ilikuwa imeandikwa na muuzaji, sio maabara.

Kwa hivo ukiulizia, usiulize "inaua asilimia ngapi", uliza "baada ya kufuliwa mara ngapi, kwa nyuzi ngapi, na sabuni gani, inaua asilimia ngapi". Akianza kukohoa, ondoka.

Lebo inasema 99.9%. Si hiyo ni karibu yote?

Inategemea ulianza na ngapi. Bakteria milioni 1 ukiua asilimia 99.9 umebakisha 1,000. Na bakteria kama E. coli akiwa mahali pazuri anajigawa kila dakika 20 hivi, hao 1,000 wanarudi milioni kwa masaa matatu na kitu. Sasa angalia venye wanapima: vipimo vinavyotajwa sana ni AATCC 100 na ISO 20743, kitambaa kinamwagiwa bakteria kwa maji, kinafungiwa kwa joto la mwili masaa 18 hadi 24, ndo wanahesabu. Wewe huvai skrabu ukiwa umelowa umefungiwa kwa chupa siku nzima. Kikohozi cha mgonjwa kinakauka kwa mkono wako dakika chache na ushaenda kitanda kingine.

Sisemi kipimo ni cha uongo, kinasaidia kulinganisha kitambaa na kitambaa. Lakini hakiambii lolote kuhusu wodi. Na ukiona ripoti ni ya AATCC 147 jua hiyo haina hesabu, ni kuangalia tu kama bakteria zimeota kando ya kitambaa ama hazijaota. Ni nzuri kwa kuchuja haraka.

Basi inapunguza maambukizi hospitali ama haipunguzi?

Kwa skrabu, jibu halifurahishi wauzaji. Watafiti wa Virginia, Marekani, mwaka 2012 walipata skrabu zenye dawa zilikuwa na MRSA (stafilokokasi sugu kwa dawa) kidogo kuliko za kawaida, lakini mikono ya wahudumu haikuwa na tofauti. Wa Denver, hukohuko Marekani, mwaka 2013 wakavalisha wahudumu zenye dawa na zisizo na dawa, baada ya masaa 8 hakuna tofauti ya maana. Chuo cha Duke mwaka 2017 wakachukua manesi 40 wa ICU (wodi ya mahututi), kila mmoja akavaa aina tatu kwa zamu za masaa 12, aina mbili zina dawa tofauti na moja haina kitu. Hakuna iliyoshinda. Walichoona ni kwamba mikono ya nguo, mifuko na vyuma vya kitanda ndo vilikuwa vinachafuka mara nyingi.

Na kuna hii ilinishangaza: hao hao wa Denver mwaka 2011 walionyesha sare iliyotoka kufuliwa asubuhi, baada ya masaa 3 tu ya kuvaliwa imeshafika karibu nusu ya bakteria zenye itakuwa nazo mwisho wa zamu. Nguo safi haikai safi wodini, ni venye iko.

Kwa hivo mtu akikuambia vaa hii hutahitaji kunawa sana, huyo anakutafutia kesi. Mimi nikiulizwa ushauri kuhusu pesa ya hospitali, ningeiweka kwa sabuni, maji na sanitaiza kwanza, alafu mikono mifupi. Uingereza walishatoa agizo tangu 2007 kwamba mhudumu anayegusa mgonjwa awe wazi kuanzia kiwiko kwenda chini, hakuna saa wala mikono mirefu. Nashona mikono mifupi bei ileile.

Nifueje? Naweza kutumia Jik?

Inategemea dawa, ndo maana nasema ujue ni gani. Enihalamini, Jik ni chakula yake. Fedha, Jik inaiharibu. Kwati haipatani na sabuni nyingi za unga ju sabuni ina chaji hasi, zinashikana na mkia unazibwa hata kama haujatoka, kwa hivo suuza vizuri sana, mara mbili ama tatu, na najua kuna mitaa maji yanakuja Jumanne na Ijumaa pekee.

Hapo kwa madoa, kama wodi yenu inatumia Savlon ama dawa nyingine ya klorhekisidini kisha shuka zikawekwa Jik, zitapata madoa ya kahawia na hayatoki milele. Nimeletewa shuka mpya kabisa watu wakilia ati nimewauzia pamba mbaya. Sio pamba, ni hizo dawa mbili zimekutana. Shuka za hiyo wodi usizitie Jik.

Kwa moto, mwongozo wa Uingereza kwa nguo za hospitali ni nyuzi 65 kwa dakika 10 ama 71 kwa dakika 3, na hiyo inaua bakteria wengi hata nguo ikiwa haina dawa yoyote. Sufuria ya Nairobi inachemka kwa nyuzi 94 hivi ju tuko juu milimani, bado inatosha na kubaki. Alafu anika juani, piga pasi. Skrabu za kazi zifue peke yake, usichanganye na nguo za mtoto.

Ni salama kwa ngozi? Na usugu wa dawa?

Kitambaa kilichotengenezwa vizuri, wengi hawapati shida. Mwenye ngozi inayowasha haraka ajaribu kipande kwa mkono wa ndani siku mbili. Kwa watoto wachanga, hasa njiti, mimi sishoni chochote chenye dawa, nashona pamba tupu iliyochemshwa. Hiyo ni sheria yangu na sijali oda ni kubwa kiasi gani.

Usugu upo, hata kwa fedha kuna bakteria zimeshajifunza kuitema nje. Trikolosani ndo mfano wa kuogopesha, iliwekwa kila mahali, sabuni, soksi, mbao za kukatia mboga, hadi mwaka 2016 Marekani wakaitoa kwa sabuni za kunawa za nyumbani pamoja na dawa nyingine 18, watengenezaji walishindwa kuonyesha ni salama na inashinda sabuni ya kawaida. Nikikuta kitambaa cha trikolosani sinunui.

Inaua virusi? Spora?

Ripoti ya bakteria ni ya bakteria. Virusi vina kipimo chake, ISO 18184, omba hiyo. Spora, zile mbegu ngumu za bakteria kama klostridiamu, hizi dawa nyingi haziziwezi.

Na gozi na bandeji, nazo ni kupoteza pesa?

La, hapo mambo ni tofauti kabisa. Kwa kidonda kitambaa kimelala juu ya majimaji masaa na masaa, yaani hali yake inafanana na ile ya maabara, dawa ina muda na ina unyevu wa kufanya kazi. Na haifuliwi, inatupwa, kwa hivo lile swali la mafuo halipo. Gozi za PHMB na bandeji za fedha zina nafasi yake, kidonda cha kuungua, cha sukari, lakini ni uamuzi wa anayetibu, sio fundi wa cherehani. Hizo pia ni vifaa vya tiba, zinapitia Pharmacy and Poisons Board, usinunue za mkokoteni.

Kuna ya hapa Kenya?

Pamba tupu iko, Rivatex Eldoret na Thika Cloth Mills wanafuma. Ukitaka iwekwe dawa kiwandani uliza kwa kiwanda kama wanaoka na kwa nyuzi ngapi, alafu lete ile ripoti tuisome pamoja.

Niko na pesa kidogo, ninunue nini kwanza?

Seti tatu za pamba nzito ya kawaida badala ya moja yenye dawa. Moja mwilini, moja kwa kamba, moja kwa kabati. Mtu mwenye seti moja, hata iwe ya dhahabu, ataivaa siku mbili.

Unaweza kunipimia na ile buluu?

Naweza, ya kwati pekee, fedha na shaba haionyeshi. Lete vipande viwili vya saizi ya kiganja kutoka roli moja, kimoja kipya, kimoja umekifua mara 20 na sabuni unayotumianga kazini. Andika na kalamu isiyofutika ni kipi ni kipi, ju kuna mtu aliniletea vyote bila alama tukabaki tunabahatisha. Na tafadhali usitie softina ya kulainisha nguo, Sta-soft na wenzake nao ni kwati, kitambaa kitatoka buluu tupu na utaenda nyumbani ukifurahia softina.